Tumbo Lililohesabiwa Miezi

Siku tumbo langu lilipoanza kuzungumzwa na watu, nilikuwa nimesimama mbele ya sufuria kubwa la pilau huko Kinondoni, mwiko mkononi, nikijizuia nisitapike. Sikuwa nimetia kitu kinywani tangu jana yake mchana. Lakini chakula hicho cha jana mchana kilikuwa bado kimekaa hapa, chini ya kifua, kama nimekimeza sasa hivi.

Nasimulia haya kwa ajili ya mtu mwenye sukari ambaye tumbo limeanza kumgeuka, na kwa ajili ya wale wanaokaa naye nyumba moja. Mie si mganga wala si nesi. Nimepita humo tu, na mengine bado napita nayo.

Watu wananiita Mama Zuhura. Kwetu ni Mbwamaji, lakini niliolewa Temeke, na Temeke ndiko mume wangu alikofia, enzi hizo za Mwingereza. Aliniachia binti mmoja, huyo Zuhura, na nyumba ya miti na udongo yenye vyumba vitatu. Kazi yangu ilikuwa kupikia shughuli: arusi, hitima, maulidi. Wakisikia pilau limepikwa na Mama Zuhura, watu hawaulizi tena.

Sukari waliniambia ninayo mwaka ule ule niliofiwa. Hospitali walinifundisha kujichoma mwenyewe pajani, kila asubuhi. Nilichemsha bomba la kioo katika kisufuria chake peke yake, sindano ikiwa butu nikainoa kwenye kinoo, na kichupa cha dawa nikakiweka kwenye bakuli la udongo ubavuni mwa mtungi, mahali penye ubaridi. Miaka mitatu nilikwenda hivyo bila matata. Nilidhani nimekwisha yazoea.

Tumbo lilianza wakati wa masika. Nilikuwa nakula vijiko vitatu vya wali nikashiba kama mtu aliyetoka karamuni. Kisha tumbo linajaa, linakaza, linakuwa kama ngoma iliyowambwa. Nikicheua asubuhi, napata harufu ya samaki niliyemla jana adhuhuri. Siku nne, siku tano, sipati choo. Halafu ghafla linafunguka, na kwa siku mbili nzima nashinda njiani baina ya chumbani na uani, mara nyingine nisiwahi, kanga imechafuka, nami mtu mzima naifua kwa kujificha.

Lililonitesa zaidi ni kutotulia. Nikikaa, naona afadhali nisimame. Nikisimama, naona afadhali nilale. Nikilala, maji machungu yananipanda kooni. Nilifagia uwanja uliokwisha fagiwa. Nilichambua mchele uliokwisha chambuliwa. Na sindano nayo ikawa adui, maana nachoma, nakula, lakini chakula hakishuki, sindano inafanya kazi yake peke yake. Ikifika saa nne asubuhi mikono inatetemeka, jasho jembamba linanitoka, namwita Zuhura kwa sauti isiyotoka. Alikuwa ananikorogea maji ya sukari, ananishika kidevu, ananinywesha.

Mikono yangu ilikonda, mifupa ya mabega ikatokeza. Tumbo peke yake ndilo lililobaki mbele.

Basi siku ile ya Kinondoni nilikuwa napika nyumbani kwa Bi Tatu, mama yake Ramadhani, kijana aliyemchumbia Zuhura. Posa ilikwisha pokelewa, arusi tuliiweka baada ya vuli. Siku ile Bi Tatu alikuwa anamwoza mpwa wake, akaniomba mie nipike, kwa kuwa sasa tu wakwe. Nilipofunua sufuria, mvuke wa bizari ukanipiga usoni. Nikauacha mwiko, nikazunguka nyuma ya banda, nikatapika nimeshika ukuta.

Nilipoinua kichwa nikamwona Bi Tatu amesimama na kata ya maji. Alininawisha vizuri, kwa upole. Lakini macho yake yalishuka kwenye tumbo langu yakakaa hapo.

"Pole, Mama Zuhura," akasema. "Yamekuanza lini haya?"

"Tangu masika," nikamjibu.

Niliona midomo yake inacheza taratibu, nikadhani anasoma dua. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa anahesabu.

Haikupita wiki akaja mzee mmoja wa upande wao, akaketi, akanywa kahawa, akasema wangependa arusi isogezwe hadi baada ya masika ijayo, kijana anataka kwanza kumaliza kujenga. Nilimwitikia. Lakini pale bombani tunapoteka maji, wanawake walikuwa wakiniona wananyamaza, kisha mmoja anaanza kusifia kanga yangu. Jirani yangu mmoja, mtu wa kweli, ndiye aliyenieleza wazi. Yanasemwa mjane wa Temeke ana mimba, na wakwe hawaghairi posa wala hawaozi. Wanangoja tu tumbo liseme lenyewe.

Nilirudi nyumbani na ndoo tupu.

Kaka yangu Mwinyimvua alikuja kutoka Mbwamaji kabla hata mie sijamwita. Ni kaka yangu mkubwa, ndiye aliyeniozesha, na baada ya mume wangu kufa ndiye aliyekuwa msemaji wangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia akiangalia ukuta. Alizungumza habari za minazi yake, za mvua, za mtu aliyefariki huko kwetu. Mwisho akaniuliza kama nina neno la kumwambia. Nikamwambia naumwa tumbo. Akasema tumbo la mwanamke lina magonjwa mengi, na mengine yana baba. Nikamwapia. Akachukua kofia yake akaenda zake msikitini, na jioni ile alilala kwa rafiki yake, si kwangu.

Hilo nililibeba. Lililonivunja lilikuja kesho yake. Nilikuwa nimejilaza kwa upande, Zuhura ananikanda mgongo. Mkono wake ukasita.

"Mama," akasema, "mie mwanao. Niambie ukweli, sitamwambia mtu."

"Ukweli gani?"

"Huo wanaousema."

Niligeuka nikamtazama. Mtoto huyu ndiye aliyekuwa ananishika kidevu ninapotetemeka. Ndiye aliyekuwa anamwaga matapishi yangu. Kama yeye naye ameweza kuuliza, basi nani atakayeniamini? Nilimwambia atoke. Alitoka analia, nami sikumwita.

Sasa nitasema kosa langu, maana najua wapo wanaolifanya. Niliingiwa na wazo kwamba ni ile sindano iliyoniharibu tumbo. Kabla ya sindano tumbo halikuwa hivi. Basi niache sindano. Na nikitoa uchafu wote, tumbo litashuka, watu wote waone. Nikanywa sanamaki, majani ya kuendesha tumbo, siku ya kwanza. Siku ya pili nikanywa haluli. Niliharisha mpaka nikawa sina kitu, na sindano sikuigusa. Zuhura aliponiuliza mbona kisufuria hakijatumika, nikamwambia nimekwisha choma. Tulikuwa hatusemezani ila kwa mambo ya lazima, hakunifuatiza.

Siku ya nne nilikuwa na kiu isiyokatika. Nilikunywa maji nikayatapika, nikanywa tena nikayatapika tena. Pumzi zikawa nzito, nzito, kama mtu aliyepanda mlima. Zuhura aliniambia baadaye kwamba pumzi zangu zilinuka kama mananasi yaliyovunda. Yeye ndiye aliyetoka mbio mchana kweupe, bila hata mtandio, akamwita mjomba wake, aliyekuwa bado kwa yule rafiki yake. Kaka alinibeba begani mpaka barabarani, mie mtu mzima, huku watu wa mtaa mzima wanatoka vibarazani kutazama. Nakumbuka kitu kimoja tu: alikuwa anasema peke yake, "Mwepesi. Mbona mwepesi hivi?"

Hospitalini nililala wiki tatu. Siku za mwanzo sizijui. Nilipopata fahamu, alikuwapo nesi mmoja, binti wa Kimakua kutoka Masasi, jina lake Agnesi. Alikuwa mdogo kuliko nilivyotazamia, na Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa bara, pole pole, hakati maneno. Kila asubuhi alichukua mkojo wangu, akautia katika kichupa cha kioo chenye maji ya buluu, akauchemsha juu ya moto kupima sukari. Ukibaki buluu, heri. Ukigeuka kijani, si haba. Mkojo wangu siku zile ulikuwa unageuka rangi ya tofali.

Alinisikiliza. Nilimwambia yote, hata ya kanga, hata ya sanamaki, na alipojua niliacha sindano kwa makusudi hakunifokea. Aliniuliza tu nani alinitia wazo hilo. Nikasema hakuna, nilijitia mwenyewe. Akamwita daktari. Daktari, Mzungu mwenye nyusi nyeupe, alinibonyeza tumbo, kisha akanishika viuno akanitikisa, sikio lake karibu nami. Tumbo likalia chwa, chwa, kama dafu linalotikiswa. Na tangu jana yake usiku sikuwa nimekula wala kunywa. Wakaninywesha kitu kizito cheupe mfano wa chokaa, wakanipiga picha. Zilipopita saa nne wakanipiga nyingine, na kile cheupe kilikuwa palepale.

Kaka alikuwapo siku daktari alipoleta majibu. Agnesi ndiye aliyefasiri. Alisema sukari ya miaka mingi, tangu kabla sijajua kwamba ninayo, imelichosha tumbo langu; halisukumi chakula kama la mtu mwingine, kinakaa, kinachacha, kinarudi. Hakuna uvimbe. Kisha, bila kuulizwa, akamgeukia kaka yangu akasema, "Na hakuna mtoto, mzee. Hajawahi kuwapo."

Kaka aliinama akaufunga ukanda wa kiatu uliokuwa umefungwa tayari. Alipoinuka alimwomba nesi karatasi yenye maneno hayo, yenye muhuri, apeleke Kinondoni.

Nilikataa. Nilimwambia sitaki tumbo langu lipelekwe likasomwe barazani kwa watu. Wakitaka kungoja, wangoje. Aliniambia nina kiburi. Nilimwambia ndiyo, ndicho kilichobaki. Hatukuelewana, akaondoka, lakini kesho yake alirudi na dafu, na kesho kutwa akarudi tena. Tangu siku ile mpaka leo hajaniomba radhi kwa mdomo. Alikuwa anakuja tu, anakaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje mpaka saa ya kuonana, kofia magotini.

Dawa ya tumbo langu haikuwa chupani. Agnesi alinipangia maisha upya. Nisile mara tatu, nile mara sita, kila mara kikombe kimoja tu. Uji wa mchele uliochujwa, viazi vilivyopondwa, samaki wa kuchemsha asiye na mafuta. Tui zito basi. Kisamvu na nyuzinyuzi zake basi, mpaka tumbo litulie. Sindano nichome nikiona chakula kimetulia hakirudi, si kabla, na kipimo wakakipunguza. Na kila nikisha kula, nisilale, nisikae. Nitembee, hatua za kutosha kwenda na kurudi mpaka tumbo lilainike.

"Mara sita kwa siku?" nikamuuliza.

"Mara sita, mama."

"Unajua mtaa ninaokaa?"

Hakujua, nikamweleza. Akasema, "Basi vaa nguo nzuri."

Nilirudi Temeke vuli ikiwa inaanza. Siku mbili za kwanza nilitembea uani, kutoka chooni mpaka jikoni, jikoni mpaka chooni, kama kuku aliyefungwa kamba. Uwanja ulikuwa mdogo, kichwa kinazunguka, tumbo halishuki. Siku ya tatu nilijifunga kanga mpya, nikatoka mlango wa mbele.

Kusema kweli miguu iliniwia mizito. Tumbo lilikuwa bado limetangulia. Nilipita kwenye vibaraza vyote, mpaka kwenye mikorosho, nikarudi. Maneno yalikatika nilipopita, yakaanza tena nyuma yangu. Baada ya saa mbili nikala kikombe changu, nikatoka tena. Walipoona napita mara ya nne, mama mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia natembeza tumbo. Wakacheka. Hawakujua kwamba nimewaambia kweli tupu.

Vuli ikaisha, kaskazi ikaingia na joto lake, nami natembea. Siku nyingine chakula kilikaa, siku nyingine kilirudi njiani, nikashika mti wa watu nikatapika hadharani. Kila baada ya wiki mbili nilikuwa kwenye benchi la hospitali na chupa yangu ya mkojo nimeifunga ndani ya ukaya, kitambaa changu cha kichwani. Benchi lile lina adabu yake: kila mtu ana chupa, kila mtu anajifanya hana. Mzee mmoja aliyekuwa anakaa karibu nami alinionyesha siku moja, bila kusema neno, jinsi ya kuilaza chupa isimwagike kwenye basi. Mambo madogo hayo ndiyo yaliyonishikilia.

Na Zuhura? Alinipikia uji, akaupooza, akaupima kwa kikombe. Tuliongea habari za uji. Swali lake lilikuwa limekaa katikati yetu kama mgeni asiyeaga.

Mwezi wa Ramadhani ulikuta mvua za masika zimeanza. Daktari alikataza nisifunge. Sharti nile mchana, tena nikishakula nitoke nitembee, mtaa mzima umefunga. Mwenye akili yake alijua mgonjwa ana ruhusa. Lakini ni nani mwingine aliye na ruhusa? Mjamzito. Wale waliokuwa wameanza kuyasahau wakayakumbuka, wakasema labda walikosea mwezi wa kuanzia. Nilikuwa nakunywa uji nimefunga mlango, kisha natoka na midomo niliyoifuta mara tatu, natembea kwenye matope. Kuna siku nilisimama katikati ya njia nikatamani nilale palepale, nisiendelee wala nisirudi.

Lakini hesabu yao nayo ilikuwa inaendelea. Mwezi wa tisa ulikwisha pita, wa kumi, wa kumi na moja, sasa mwaka mzima. Na tumbo langu, badala ya kupanda, lilikuwa linashuka. Siku moja niligundua kanga inazunguka kiuno mara moja na kipande zaidi.

Baada ya Idi, Bi Tatu alikuja mwenyewe. Alinikuta njiani, katika matembezi yangu ya alasiri. Sikuweza kusimama, ndiyo kwanza nimekula, basi ikabidi aandamane nami. Tulikwenda mpaka kwenye mikorosho. Nilimwona ananitazama ubavuni.

"Mama Zuhura," akasema, "tulisikia vibaya."

"Hamkusikia, Bi Tatu. Mlihesabu."

Tukageuka, tukaanza kurudi. Karibu na mlango wangu akasema kwamba siku ile nyuma ya banda angeweza kuniuliza, hakuniuliza, na kwamba jambo hilo linamwuma. Sikumkumbatia. Nilimkaribisha ndani, nikamwekea mkeka, tukapanga siku ya arusi.

Walioana mfunguo tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, kipupwe kimeingia. Sikupika. Nilikaa kwenye kiti karibu na mlango, mahali ninapoweza kutoka upesi. Asubuhi ya siku ile, wakati wanawake wamekwenda kuchukua maua, Zuhura alikuja na hina yake mikononi, hawezi kushika kitu, akapiga magoti mbele yangu.

"Mama, nilikuuliza."

"Uliuliza."

"Nisamehe."

Nilimwambia nimemsamehe, na ilikuwa kweli. Lakini nilimwambia pia kwamba bado inauma, asinitake leo hii niseme haiumi. Akasema hataki. Nikamtengenezea ushungi uliomlegea, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na hina.

Sijapona. Niseme hivyo, mtu asije akanifuata akidhani nina dawa. Mwezi uliopita tu nimetapika siku mbili mfululizo. Choo kinafunga, kinafunguka, bila kuniuliza. Ninaujua mwili wangu zaidi, basi. Najua nikila nazi usiku, asubuhi nitalipa. Najua nisiache sindano hata nikiwa sili; niende hospitali wanipangie. Na kama ningekuwa na uwezo wa kurudi nyuma, ningelisema jambo hili mapema, kwa sauti, kwa watu wa nyumbani kwangu kwanza. Nililificha tumbo langu kwa sababu ya aibu ya kuharisha, watu wakalitafutia aibu nyingine.

Mwezi mmoja baada ya arusi walinialika Kinondoni, karamu ya kumtambulisha bi arusi kwa ukoo wa mumewe. Wanawake walijaa ukumbini, sinia zinapita. Wengi wao nilijua walikuwa wamehesabu. Bi Tatu akaniwekea sinia mbele, pilau, nyama, kachumbari, na mama mmoja akaanza kunisukumia minofu, kula, kula, mkwe usitutie aibu. Nikahisi kile kichefuchefu cha zamani. Sikujua nianzie wapi kukataa.

Zuhura alikuwa amekaa juu ya kitanda cha bi arusi, amepambwa, mtu ambaye siku ile hatakiwi kusema neno. Akaufunua ushungi.

"Mama yangu ana sukari," akasema, na ukumbi mzima ukasikia. "Tumbo lake linachelewa kusaga. Hali hivyo vyote. Atakula uji niliomwekea, kikombe kimoja, halafu atatoka nje kutembea. Msimzuie, na msimwulize."

Bi Tatu akaiondoa sinia mbele yangu kwa mikono yake mwenyewe. Nikaletewa kikombe, nikanywa kidogo kidogo mbele ya wote, mpaka nikakimaliza. Kisha nikainuka, nikajifunga kanga vizuri, nikapita katikati yao, na kila mmoja akaikunja miguu yake kunipisha.